Almasi Mbili za Mkato wa Zamani

Nimelieleza jambo hili mara nyingi, kwa watu wengi, na kwa kaka yangu kuliko wote, hata siku moja nikajikuta ninalieleza peke yangu huku nachambua maharagwe. Nitalieleza tena hapa, taratibu, kwa sababu bado kuna watu wanaoingia kwenye karakana yangu na pete ya bibi yao mkono mmoja na karatasi ya maabara mkono wa pili, nyuso zimesawijika, wakiniambia: "Mama, banasema iko mubaya."

Haiko mubaya. Kaa kwanza.

Almasi ya mkato wa zamani ilikatwa na fundi kwa mkono na kwa jicho. Alitaka kuokoa jiwe kadiri alivyoweza, kwa hiyo aliliacha na mgongo mrefu, akaweka uso mdogo bapa juu, na chini, badala ya ncha kali, akaacha kiduara bapa. Ukitazama kutoka juu unakiona kiduara hicho katikati, na watu wengi hudhani jiwe limetobolewa. Halikutobolewa. Tena fundi yule hakuwa na taa ya umeme. Alilikata ling'ae mbele ya mshumaa. Ndiyo maana halirushi cheche ndogondogo kama jiwe la siku hizi. Linatoa mabaka makubwa ya mwanga, yanayowaka na kuzimika bila haraka.

Maabara nayo ina kipimo chake cha mkato, kilichotengenezwa kwa ajili ya jiwe la kisasa la mviringo. Inapima urefu wa mgongo, upana wa uso, pembe za chini. Jiwe la zamani likipitishwa hapo linapewa daraja la chini. Ni sawa na kumpelekea mwoka mikate sahani ya bukari, ugali wetu, naye aikague kwa makini na kuandika: haikuumuka. Kweli haikuumuka. Hajadanganya. Lakini nani alimwambia kwamba bukari inaumuka?

Hayo tu. Mtoto wa darasa la nne anayaelewa. Kaka yangu, aliyefanya kazi miaka ishirini na saba katika maabara ya kampuni ya migodi, hakuyaelewa.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinaanguka Lubumbashi. Wanajeshi walikuwa wamekwisha kumwaga maduka ya mjini barabarani. Migodi ilisimama mmoja mmoja. Noti uliyopewa asubuhi jioni ilikuwa ya kuwashia mkaa. Waliokuwa na mahali pa kwenda walikuwa wanaondoka, na kabla ya kuondoka waliuza. Mimi nilikuwa na karakana ndogo mjini niliyorithi kwa baba yetu, fundi wa dhahabu, na baba alinifundisha kutazama mawe. Kwa hiyo watu walikuja kwangu.

Mmoja wao alikuwa mjane wa Mgiriki aliyekuwa akileta samaki mjini kutoka Kilwa, ile yetu ya ziwani. Aliniita nyumbani kwake. Nilimkuta amekaa juu ya sanduku, sebule tupu, na mapazia tayari yameshushwa.

"Miye nilizaliwa hapa, mama," aliniambia. "Sasa naenda kwa bantu bananiita mugeni kule, banasema nasema lugha yao vibaya."

Alinipa herini mbili za mama mkwe wake. Almasi moja kwenye kila herini, kubwa kidogo kuliko punje ya mahindi, zote za mkato wa zamani. Nilizipeleka dirishani. Nikazifunika kwa kivuli cha kiganja. Halafu nikaomba mshumaa, na umeme ulikuwa umekatika kwa hiyo mshumaa ulikuwepo. Nikakagua mshipi wa kila jiwe, ule ukingo unaolizunguka kiunoni, kwa lenzi, kwa sababu mawe ya zamani huvunjika kingo, na hapo ndipo mnunuzi anatakiwa kuwa mkali, si kwenye karatasi. Kingo zilikuwa nzima. Na mawe yale yalifanana kama pacha, jambo lisilopatikana hivihivi, kwa sababu kila moja lilikatwa kwa mkono wa mtu aliyekuwa analikadiria tu.

Nilinunua kwa akiba yangu na ya kaka yangu pamoja. Akiba yake ilikuwa malipo ya kuachishwa kazi, yote. Hapa lazima nieleze tulichokuwa tunakitafuta. Mezani kwake, mtaa wa Katuba, walikuwa wanakula watu wanane, na walikuwa wanakula mara moja kwa siku. Kulikuwa na shamba linauzwa Kasungami, pembeni mwa mji, lenye kisima, na mwenye shamba, mzee wa heshima, alikubali kutungojea mpaka mvua ya kwanza. Tukiuza almasi vizuri, tunalipata shamba. Tukiuza vibaya, watu wanane wanaendelea kuhesabu vijiko.

Mnunuzi nilikuwa naye. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, kulikuwa na mama anayetengeneza vito vya kale, mtu anayejua kazi yake. Nilimtumia habari kwa dereva wa lori, naye akajibu kwa dereva huyohuyo: anataka mawe mawili yanayofanana, kama yalivyo, na atakuja mwenyewe barabara ikitulia. Tulichotakiwa kufanya ni kungoja. Kukaa tu.

Kaka hakuweza kukaa.

"Tutauzaje kintu bila labo?" aliuliza, yaani maabara. "Muntu akiuliza, tutamuonyesha nini?"

"Tutamuonyesha almasi, Yaya."

Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, na nilikuwa nimeanza kulitamka neno hilo kwa meno. Siku ya tatu nilichoka, nikakubali yapimwe, nikayatoa kwenye herini. Mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye malori na ghala la unga, mlokole aliyeheshimika mtaani, alikuwa anakwenda Ulaya kutafuta vipuri. Akabeba mawe yetu ndani ya Biblia yake, akayapeleka maabara, akayarudisha salama pamoja na karatasi mbili. Kwa uaminifu huo namshukuru mpaka leo. Kwa mengine, tutaona.

Yaya aliniita Katuba. Alikuwa amevaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, na karatasi zimenyooshwa mezani, kila moja chini ya kijiko.

"Soma hapa."

"Nimesoma, Yaya."

"Soma tena. Rangi, muzuri. Usafi, muzuri sana. Mukato..." Akagonga karatasi kwa kidole. "Ya mwisho! Ya mwisho kabisa, mudogo yangu. Chini yake hakuna kitu!"

"Njo vile nilikuambia itakuwa."

"Ulijua? Ulijua, na ukanunua?"

Wifi yangu, mke wake, alikuwa anasonga bukari mlangoni. Hakugeuka. "Kama iko ya mwisho, basi haiwezi kuanguka tena," alisema. "Bakuje bakule."

Nilieleza. Mshumaa, mgongo mrefu, kiduara, mwoka mikate. Nilieleza kwa upole, kwa sababu mtu aliyepoteza kazi na akiba katika mwaka mmoja anastahili upole. Alisikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa, halafu akasema:

"Miaka makumi mbili na saba, muntu analeta jiwe. Inang'aa, kijani kama nyoka, unaweza kuiweka kwa mushipi ya mwanamuke. Labo inapima, teneur iko chini, shaba ndani yake kidogo tu. Tunatupa. Hatukuulizaka jiwe kama iko muzuri machoni."

"Yaya, ile ilikuwa jiwe ya kuyeyusha. Hii hatutayeyusha."

Alizikusanya karatasi, akarudisha vijiko. Nikafurahi. Nikadhani nimefika. Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa mlangoni pa karakana yangu.

"Nimefikiri," alisema. "Sasa, juu ya nini labo imeandika ya mwisho?" Yaani, kwa nini.

Tulikwenda hivyo wiki nne. Nilimchorea jiwe kwenye ubao. Nilimchongea viazi viwili, kimoja mkato wa zamani, kimoja wa kisasa, akavikagua, akavipongeza, akavipeleka nyumbani vikapikwa. Kila alipokutana na mtu aliyewahi kushika karatasi ya maabara, na Lubumbashi ni mji wa watu hao, alirudi kwangu na hofu mpya. Sitaki kumcheka. Katika familia zetu, za mababu walioletwa kutoka kaskazini mwa Katanga kwa kazi ya reli na migodi, karatasi ya maabara ilikuwa ndiyo iliyosema kama baba atapata zawadi ya mwezi au la. Hakuna aliyebishana nayo. Hata padri hakuwa na neno la mwisho kama lile. Najua. Lakini wiki nne!

Mfanyabiashara naye aliongeza moto. "Mama, Bwana asifiwe. Karatasi ya kule haidanganyi."

"Papa, haidanganyi. Imejibu swali ambalo sisi hatukuuliza."

"Kule Kusini, kupita Zambia, kuna bantu banakata upya," alisema, akimtazama Yaya, si mimi. "Jiwe inarudi na daraja ya kwanza. Nimeona kwa macho yangu."

"Na uzito unarudi na kiasi gani?"

"Ah, inapungua kidogo. Kidogo tu."

Nikamwambia Yaya mbele yake, wazi, kwamba jiwe letu halikatwi. Akasema sawa. Aliitika kabisa, kwa sauti.

Halafu zikaja habari kwamba wanajeshi hawajalipwa tena na wataingia mjini tena. Nilishusha mabati ya karakana mchana, tukakaa gizani mimi na Yaya, tukisikia watu wanakimbia nje na kelele za mabati ya jirani yakipigwa. Akasema si busara mawe yote mawili yawe mjini. Abaki nalo moja Katuba, mimi nibaki na moja. Lilikuwa wazo zuri. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu ni mimi niliyelifunga jiwe kwenye kitambaa na kumtilia mfukoni.

Mara hii hawakufika mtaa wetu. Wiki zikapita. Yaya akaacha kuja asubuhi, nikadhani ameelewa hatimaye, na nikawa na furaha kama mwalimu. Kumbe mfanyabiashara alikuwa amesafiri Kusini.

Alirudi mwezi wa tisa, joto limepanda na mawingu yameanza kukusanyika mchana. Yaya aliingia karakana amevaa shati la kanisani. Aliweka bahasha mezani.

"Soma."

Nilisoma. Mkato: daraja la kwanza. Nilisoma tena. Nikafungua kikaratasi kilichokuwa ndani.

Lilikuwa jiwe safi, la kisasa, la mviringo. Lilirusha cheche kila upande. Nikatoa lile langu, nikaliweka kando yake. Langu lilikuwa pana, zito, linawaka polepole. Lake lilikuwa kama mtoto wa lile.

"Yaya, ingine iko wapi?"

"Njo hii."

"Ingine iliyobaki. Ile balitoa."

"Ile ni unga tu," alisema. "Inaenda na gurudumu."

Ndipo nikaelewa, na nilikasirika zaidi kwa kuelewa. Yaya hakuwa mjinga. Alikuwa amefanya kile alichokifanya maisha yake yote, na alikifanya kwa usahihi. Mgodini, daraja likiwa chini, unasaga jiwe, unaosha, unaondoa udongo. Kinachobaki ni kidogo, lakini shaba yote imo, na kiwango kimepanda. Umepunguza mzigo, hukupunguza mali. Aliangalia almasi yenye daraja la chini akaona jiwe lenye udongo.

"Yaya," nilisema, "kwa shaba unatoa udongo. Hapa ulitoa udongo gani?"

Alilisogeza jiwe lake karibu na langu.

"Sema tu. Kile kilikuwa unga, kilikuwa unga ya nini?"

Alitazama mawe mawili. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Ya almasi," alisema.

Sikupiga kelele. Wifi aliniambia baadaye kwamba afadhali ningepiga.

Mama wa ng'ambo alifika siku tano baadaye. Barabara ilikuwa imetulia, na aliingia akiwa na vumbi la mpaka wa Kasumbalesa hadi kwenye nyusi. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye Kiswahili cha mpakani kilichochanganyika na Kibemba. Alikaa, akaomba maji, akaomba mshumaa kabla hajaomba jiwe, nami moyo ukaniuma kwa sababu alikuwa mtu sahihi kabisa.

Alilitazama langu muda mrefu. Aliligeuza mbele ya moto, akacheka peke yake. "Huyu alikata akiwa na furaha," alisema. "Leta mwenzake."

Yaya, aliyesimama mlangoni, alikuja na bahasha. Alimpa karatasi kwanza. Mama aliiweka mezani bila kuisoma, akafungua kikaratasi, akatazama ndani. Halafu akatazama chini ya meza, kama mtu anayetafuta kilichoanguka.

"Mukubwa, mwenzake iko wapi?"

"Mama, iko na daraja ya kwanza," Yaya alisema. "Soma. Labo imeandika."

"Nimeona, mukubwa. Lakini miye niko na mwanamuke mwenye masikio mawili."

Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe aliona, akamgusa Yaya mkono, akasema ni jiwe zuri, atalinunua mtu yeyote mjini, lakini mawe kama lile anayo mengi, na jozi haipo tena. Langu alilichukua peke yake, kwa pete, na alilipa haki. Hakutaka kujua daraja lake. Nilimwonyesha karatasi kwa uaminifu tu. Akaitupia jicho mara moja akasema, "Ndiyo, hawa hawapendi babu zetu," akairudisha.

Kwa hiyo nikuambie wewe uliyeshika pete ya bibi. Karatasi ina mambo ya kweli: soma rangi, soma usafi, soma uzito, uyaamini. Ukifika kwenye mkato, na jiwe ni la zamani, weka karatasi chini, washa mshumaa, utazame. Tazama kingo. Ukiona linakupendeza na kingo ni nzima, usilionee haya. Utapunguziwa bei na wasiojua, na kwa sababu hiyo, ukiwa mnunuzi, utanunua vizuri. Kuuza ni kumngoja anayejua. Na mtu akikuambia likatwe upya lipate daraja, muulize atakupa nini badala ya kile kitakachosagwa. Muulize polepole. Muulize mara mbili. Kama ni ndugu yako, lifungie.

Jiwe dogo lilinunuliwa na mfanyabiashara mwenyewe, kwa bei ya jiwe dogo. Aliniambia ni mapenzi ya Mungu. Nilimwambia Mungu hakusafiri naye Kusini. Nilikwenda kuungama kwa neno hilo, lakini sijajuta vizuri.

Tulipeleka tulichokuwa nacho kwa mwenye shamba. Mzee alitusikiliza chini ya paa la jiko lake, mawingu meusi yamesimama upande wa mashariki. Hatukuwa na cha kutosha. Yaya alieleza yeye mwenyewe, sikumsaidia. Alieleza bila kusema uongo hata mmoja, na hilo lilikuwa gumu kulisikiliza. Mzee alifikiri, akasema ana mnunuzi mwingine, mtu wa reli aliyestaafu, ambaye naye hana cha shamba zima. Akaligawa. Mtu wa reli, aliyekuja mapema kuliko sisi, alichagua upande wa chini, wenye kisima. Sisi tukapata upande wa juu.

Mvua ile iliyotishia ilirudi ilikotoka. Mwaka huo ilichelewa sana, na vitalu vyetu vya lengalenga, mchicha wetu, na nyanya vilikuwa vinataka maji kila siku. Yaya alishuka asubuhi ya kwanza kwa jirani, akavua kofia, akaomba. Mtu wa reli akampa ruhusa ya ndoo sita kwa siku. Tangu siku hiyo alikwenda yeye, alfajiri, kabla hatujaamka. Hakumtuma mtoto, na mimi alininyang'anya ndoo kila nilipoishika. Hatukulizungumzia jiwe. Wifi alijaribu mara moja mezani, sote wawili tukamtazama, akarudi kwenye sahani yake. Walikuwa wanakula mara mbili sasa, na mara ya pili ilikuwa majani matupu.

Asubuhi moja nilimkuta anapanda mteremko na ndoo mbili, maji yakimwagika kila hatua mpaka kwenye viatu. Alipofika juu kila ndoo ilikuwa imebaki na robo tatu.

Nilijizuia. Kweli nilijizuia, nikahesabu mistari yote ya nyanya.

"Yaya," nilisema, "weka matawi ya majani juu ya maji. Hayatamwagika."

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu yanatuliza mawimbi. Maji yanapiga majani badala ya kupiga ukingo, na..."

"Weye unapenda kufundisha."

"Na weye haupendi kusikia."

Aliweka ndoo chini. Alinitazama, akautazama mteremko, akazitazama ndoo mbili zilizokwisha kupunguka kati ya sita alizoruhusiwa. Kisha akaenda kwenye kichaka cha mpakani, akavunja matawi mawili, akayatikisa umande, akamimina maji kwenye nyanya, akashuka tena kisimani na ndoo na matawi.